Adrian Atiman, tabibu aliyewahi kuuzwa



Mpendwa msomaji, katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, Mtume Paulo anawakumbusha Wakristo kwamba vita vyao haviishii kwa wanadamu wenye nyama na damu. Nyuma ya mtu anayemdhulumu mwenzake kuna nguvu za giza zinazomtumia, na nguvu hizo zina falme zake, sheria zake na masoko yake.

Mara nyingi tunausoma ujumbe huo nusu nusu. Wapo kati yetu wanaoona mapepo tu. Tunakemea, tunafunga, tunanyunyizia nyumba maji ya baraka, na wakati huohuo mtu aliyemnyang'anya mjane shamba anakaa benchi la mbele bila kuulizwa. Wapo pia wanaoona siasa na uchumi tu, wakidhani sheria mpya ikipita dhambi nayo itahama kijijini. Paulo aliyaona yote mawili kwa pamoja. Ili kuelewa maana yake, leo nakualika tumtazame mtu mmoja aliyezionja nguvu hizo mwilini mwake tangu utotoni, kisha akapambana nazo miaka 67 katika nchi yetu. Jina lake ni Adrian Atiman, tabibu wa Karema.

Huenda jina hilo umewahi kulisikia bila kujua mwenyewe ni nani. Hospitali ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga inaitwa kwa jina lake, na nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam inaitwa Atiman House. Watu wanaingia na kutoka kila siku, wengi wao bila kufahamu kwamba mwenye jina hilo aliwahi kupitishwa sokoni na kupangiwa bei.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kijiji kilicho karibu na mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa bado mtoto mdogo aliibwa. Wezi wa watoto walimvusha jangwa la Sahara kuelekea kaskazini, safari ambayo watu wazima wengi hawakuimaliza. Wazazi wake hakuwaona tena.

Mwaka 1876 alifikishwa Metlili, mji mdogo wa jangwani kusini mwa Algeria. Huko alikutana na Mapadre Weupe, shirika ambalo Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, alikuwa amelianzisha mwaka 1868. Mapadre wakatoa fedha, wakamkomboa. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi.

Hapa tusipite haraka. Tendo lile lilikuwa la huruma, na mtoto alipona. Lakini anayetoa fedha kumkomboa mtumwa anamlipa pia aliyemwiba. Mfanyabiashara akishatia fedha mfukoni, anaweza kurudi kuteka mtoto mwingine. Huruma kwa mtu mmoja haitoshi ikiwa soko lenyewe linaachwa wazi. Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alilielewa jambo hilo. Mwezi Mei 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili waraka wa kulaani utumwa, na mwaka huohuo Lavigerie akazunguka miji mikubwa ya Ulaya, Paris, London na Brussels, akihubiri dhidi ya biashara ya watu katika Afrika na kuwashtaki waliokuwa wakiifumbia macho. Kumkomboa mtoto na kulishambulia soko linalomuuza vilikwenda pamoja.

Kuhusu vijana waliokombolewa, Lavigerie alikuwa na mpango. Aliamini kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba tabibu Mwafrika, anayejua tiba na katekisimu, atapokewa katika nyumba ambamo mgeni kutoka Ulaya asingekaribishwa. Mwaka 1881 akafungua chuo katika kisiwa cha Malta. Huko Atiman alisomea utabibu hadi mwaka 1888. Alikuwa amebatizwa akiwa kijana. Sasa alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na mkononi alikuwa na kazi ambayo ingempa maisha mazuri popote.

Fikiri, msomaji, kijana huyo angeweza kuchagua nini. Afrika aliyoijua ilikuwa ile iliyomwiba. Hakuna ambaye angemlaumu kama angetafuta kazi mjini, akaoa, akasahau. Badala yake alikubali kutumwa mahali ambapo misafara ya watumwa ilikuwa bado ikipita. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Afrika Mashariki, mwaka ambao pwani yetu ilianza kuwaka moto wa vita vya Abushiri. Kutoka pwani njia ilikuwa ya miguu, wiki baada ya wiki, na ilikuwa ileile iliyotumika kushusha pembe za ndovu na watu waliofungwa. Mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hakuhama tena mpaka alipofariki.

Sisi wa Makwale na vijiji vingine vya Kyela tunaweza kudhani habari za Karema ni za mbali. Hazikuwa mbali. Mwaka 1887, ng'ambo ya mto Songwe, mfanyabiashara wa watumwa aliyeitwa Mlozi aliwashambulia Wangonde, ndugu wa damu wa Wanyakyusa, karibu na Karonga. Watu waliokimbilia kwenye matete ya Kambwe waliuawa kwa risasi, kwa moto na kwa mamba. Mlozi alijitangaza kuwa sultani wa nchi ya Wangonde, na vita viliendelea mpaka alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1895. Kutoka Karonga hiyohiyo Waingereza walikuwa wameanza kuchonga barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, iliyoitwa barabara ya Stevenson. Maziwa haya mawili yalikuwa na kilio kimoja. Mtoto aliyeibwa kwenye ufuko huu na yule aliyeibwa Ufipa walikuwa na bei katika soko lilelile.

Karema yenyewe ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji, wakawaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Kuizunguka walikaa watu wengi waliokombolewa utumwani au waliokimbia watekaji. Ng'ambo ya pili ya ziwa alikuwapo Kapteni Leopold Joubert, mlei Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akiwalinda wanakijiji kwa bunduki. Atiman alipewa ulinzi wa aina nyingine. Alikuwa na dawa, visu vya upasuaji, bendeji na katekisimu.

Tafakari ilivyokuwa kwa mgonjwa aliyetoroka minyororo kuguswa kidonda na mtu ambaye naye aliwahi kuuzwa. Hakuhitaji kueleza mengi. Hakuwa bwana mkubwa aliyeteremka kuwahurumia watu wa chini. Nabii Isaya alitangulia kusema kuhusu Mtumishi wa Mungu ambaye kwa majeraha yake wengine wanaponywa. Sifa hiyo ni ya Kristo peke yake, lakini Kristo huwashirikisha rafiki zake.

Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa kabila la Wabende, wenyeji wa sehemu hizo. Kwa mtu aliyenyang'anywa ukoo, ndoa ile ilikuwa kuanza ukoo upya. Mtoto wao Yosefu aliitikia wito, akawa padre. Angalia njia za Mungu: mtoto aliyeibwa Tundurma asijue hata kaburi la babu yake, akawa baba wa padre katika Tanganyika.

Tawala zilikuja na kuondoka mbele ya macho yake. Alikuwako Wajerumani walipoishika nchi. Alikuwako Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta njaa na upagazi wa lazima. Alikuwako Waingereza walipoingia, na mwaka 1922 sheria ilipofuta kabisa hali ya utumwa katika Tanganyika. Hesabu hapo: alikuwa amefanya kazi Karema miaka 33 kabla ya sheria za nchi kukubali kwamba hakuna mtu anayeweza kuwa mali ya mtu mwingine. Yeye hakuisubiri sheria ndipo aanze kumtendea mgonjwa kama mwana wa Mungu.

Lakini kulikuwa na utumwa mwingine ambao sheria ya 1922 haikuugusa. Katika Ufipa, katika Ubende, na kwetu Unyakyusa vilevile, ugonjwa ulitafutiwa mtu. Mtoto akifa, mtu fulani alitajwa. Kwetu aliyetajwa alinyweshwa mwafi. Akitapika, alikuwa safi. Akishindwa kutapika, alikuwa mchawi. Katika miaka ya 1930 yalitokea makundi ya vijana kutoka upande wa Nyasaland, wakiuza dawa iliyoitwa mchape. Walipanga watu mistari, wakawaangalia kwa vioo, wakadai kuwatambua wachawi. Mtindo huo ulivuka mipaka ukafika hadi Ufipa, watu wakauita kamchape. Basi, katika miaka ileile, upande mmoja kuna vijana wenye vioo wanaoahidi kulisafisha taifa zima kwa siku moja. Upande mwingine, kule Karema, kuna mzee wa karibu miaka 70 anayepokea wagonjwa mmojammoja, anafungua jipu, anafunga kidonda, anawapa dawa, na kesho yake anaanza tena.

Sisemi kwamba shetani hayupo. Kanisa linafundisha kwamba yupo, na Yesu alipambana naye. Lakini tazama Injili kwa makini. Yesu alipomponya mgonjwa au kumfungua mwenye pepo, hakumwelekeza amtafute jirani aliyemroga. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walitaka wajue nani alitenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu. Bwana akawakatalia swali lenyewe. Kisha akamponya. Mtu anayemtibu mgonjwa pasipo kumtafutia wa kumlaumu anamfuata Yesu wa sura hiyo. Kila homa iliyotulia kwa dawa iliondoa sababu moja ya kumtaja bibi fulani. Kwa miaka 67, kazi ya Atiman ilikuwa utetezi wa watu ambao majina yao yangeweza kutajwa.

Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya Uhuru. Alikuwa amepata nishani za heshima, na wamisionari walikuwa wamemwomba aeleze maisha yake mwenyewe, nayo yakachapishwa. Lakini nishani hazielezi kwa nini jina lake limebaki. Limebaki kwa sababu wagonjwa wake, na watoto wa wagonjwa wake, walilihifadhi.

Mpendwa msomaji, kwa nini nimekuletea habari hii leo? Kwa sababu soko lile halijafungwa. Limebadilisha kibanda.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa wetu wa Mbeya ulitajwa nchi nzima kwa sababu ya watu kuuawa na kuchunwa ngozi. Baadaye tulisikia ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa na kukatwa viungo. Anayefanya hivyo anaamini kwamba mwili wa mwenzake ni bidhaa itakayomletea utajiri. Hapo ushirikina na biashara vimeoana, kama ambavyo Paulo alituonya. Huwezi kupambana na kimoja ukaacha kingine. Ukimkamata muuaji na kumwacha tajiri aliyetuma, soko liko wazi. Ukikamata wote na kuiacha hofu ya watu inayoamini viungo vya mwanadamu vina bahati, kesho atapatikana mteja mwingine.

Yapo na madogo tunayoyazoea. Msiba unatokea, na kabla ya kuanua matanga mmoja wa ukoo ameshakwenda kupiga ramli. Anarudi na jina. Ajabu ni kwamba jina hilo huwa mara nyingi la mjane, la mzee asiye na watoto wa kumtetea, au la ndugu mwenye kipande kizuri cha shamba. Serikali inaziita ramli chonganishi na inazikataza, na tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928. Lakini polisi hawezi kukaa katika kila nyumba ya msiba. Sisi tunakaa humo. Tunaimba, tunasali rozari, tunapika. Tukinyamaza jina linapotajwa, tumeshiriki.

Njaa inaingia, mkulima ana mgonjwa au mtoto anatakiwa shuleni, na mwenye fedha anakuja kununua kakao ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Wote wawili ni waumini, huenda wanapokea Komunyo kwenye misa moja. Mnunuzi atasema hakumlazimisha mtu. Hata pale Metlili hakuna aliyekuwa amemshikia mnunuzi bunduki. Aliyekosa sauti ni mtoto. Umaskini wa jirani usikufanye wewe uone bei, ukaacha kuona ndugu.

Binti anachukuliwa kijijini kwa ahadi ya kazi nzuri ya nyumbani mjini. Mzazi anapewa chochote kidogo mkononi. Baada ya miezi simu haipatikani. Kabla ya kumruhusu mwanao apande basi, uliza anakwenda kwa nani, mtaa gani, mshahara gani, nani atamtembelea. Na wewe unayeishi na binti wa watu jijini, leo baada ya ibada mwambie ampigie mama yake.

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na imani kwamba wanakijiji wote wakichukizwa na uovu wa mtu, pumzi yao humfikia kama baridi, akaugua mpaka atubu na kuyatengeneza aliyoharibu. Mimi kama padre sihubiri imani hiyo kuwa Injili. Lakini wazee hao walijua jambo moja tunalolisahau, kwamba jumuiya ina uwezo wa kukataa uovu, na mwovu hana raha palipo na watu waliokubaliana kuukataa. Leo tuna jumuiya ndogondogo za Kikristo kila kitongoji. Wiki hii, jumuiya yako ijiulize jambo moja tu: ni nani hapa kwetu ametajwa vibaya au ananyonywa, na tumemwendea au tumemkimbia?

Atiman hakuliangusha soko la watumwa kwa siku moja, wala hakumaliza hofu ya uchawi. Alikaa pale zilipokuwa zinafanya kazi, akawatendea watu kinyume chake, siku baada ya siku, mpaka nywele zikawa nyeupe. Silaha anazozitaja Paulo katika sura ile ya 6 zinafanana na kazi hiyo: ukweli, haki, utayari wa kuleta amani, imani, wokovu, neno la Mungu, na sala isiyokoma. Hazichoshi macho ya watazamaji, wala hazipigiwi makofi. Zinahitaji mtu wa kuzivaa asubuhi na kutozivua jioni.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyeuzwa kwa vipande thelathini vya fedha unajua thamani ya kila mtu aliyepangiwa bei. Utuponye na hofu inayotufanya tumshuku jirani, na tamaa inayotufanya tumhesabu. Utupe moyo wa kukaa karibu na majeraha ya wenzetu bila kukimbia. Uwape pumziko la milele Adrian Atiman na wote waliochukuliwa katika njia za Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Amina.

Nawatakieni Jumapili yenye amani.